Nimepata Alama 391

Jirani, hebu nikuulize: wewe unajua kama uko CRB? Hujui. Hata mimi sikujua. Nilikuwa natembea hapa mtaani kifua mbele, nasalimia watu, nalipia mkate wangu, kumbe kuna mahali nimeandikwa mimi ni mtoro wa madeni.

Habari hiyo nilipewa na kijana wa mikopo pale kwenye sako yetu. Nilienda kuomba pesa za tangi la maji. Tangi tu, si ghorofa. Kijana mwenyewe nilimbeba mgongoni akiwa na kamasi. Akaangalia kompyuta, akaniangalia mimi, akarudi kwa kompyuta. Kisha akatoa sauti ya mhubiri wa stejini: "Mzee, umelistiwa!" Foleni yote ikageuka. Mama wa sukuma wiki, ambaye hunikopesha fungu moja moja, akaanza kuhesabu kwa vidole.

Mimi nikacheka. Nilidhani CRB ni mojawapo ya zile meseji za umeshinda gari. Akanieleza polepole, kwa Kiswahili cha chekechea. Kwamba CRB ni mashirika matatu ya kuweka rekodi za mikopo, yenye leseni ya Benki Kuu. Kwamba wakopeshaji huyapelekea habari zako zote: umekopa ngapi, umelipa lini, umechelewa siku ngapi. Hata mazuri yako hupelekwa. Yangu mazuri hayakuwa yamefika, nadhani yalikosa nauli.

"Omba ripoti yako, mzee. Kila mwaka unapewa moja bure."

Hapo sasa tukaelewana. Mimi kitu cha bure sikiachi, hata kikiwa ni matusi. Nikajaza jina, nikajaza nambari ya kitambulisho, ripoti ikaja kwa imeili. Imeili yangu hukaa kwa simu ya binti yangu, kwa hivyo yeye ndiye aliyesoma madeni ya babake kwanza.

Juu kabisa: alama 391.

Jirani, mimi ni mtu wa KCPE. Ule mtihani ulikuwa wa alama 500, na nilizopata mimi wakati huo hazihusiani na mazungumzo yetu. Lakini 391! Nikamwita mama watoto kutoka jikoni. Nikamkumbusha kwamba watoto wa 391 walikuwa wakibebwa juu juu na kijiji kizima, wakiimbiwa. Akatabasamu. Jioni akapika chapati. Chapati, siku ya Jumanne! Tumekula, tumeshiba, ndipo binti akateremsha ukurasa akasoma kwamba ngazi yenyewe hupanda hadi 900. Mama watoto hajanisamehe ule unga.

Halafu ukisoma ndani ndiyo mambo. Ati ninaishi Kitale. Kitale nimewahi kuipita kwa basi, usiku, nikiwa nimelala. Na chini ya Kitale, deni: shilingi 1,040, halijalipwa. Bana, hilo deni nililipa! Nikakatwa na ada ya kutuma juu yake. Na sikiliza hapa. Kanuni za 2020 zinasema deni lisilofika shilingi 1,000 halipelekwi CRB. Mimi nilikopa 900 kwa simu. Riba na faini ndizo zilizonisukuma ng'ambo. Jina langu limeharibiwa na shilingi arobaini, na kuna watu wamekula mabilioni ya nchi hii wanapita hapa na ving'ora.

"Kwani hukupata notisi?" kijana wa sako akauliza nilipomrudia. Sheria inataka uonywe siku 30 kabla. Notisi ilikuja. Ilikuja kwa laini yangu ya zamani, na laini ya zamani nilimpa mama mkwe. Mama mkwe akasoma kwamba mkwewe yuko karibu kupelekwa CRB, akadhani ni wadi. Akaona aibu kuuliza ni ugonjwa gani huo. Akapeleka jina langu kwa maombi, kanisa zima kule Murang'a likafunga kwa ajili yangu. Ndiyo maana Krismasi nilipewa kiti chenye mto na supu isiyo na chumvi. Mimi nilidhani ni heshima.

Nikaamua kumtafuta mkopeshaji. Ofisi yake iko ndani ya simu. Unabonyeza msaada, roboti inakuita mteja wetu mpendwa, inakuambia ulipe 1,040. Nikaandika nimelipa. Ikanishukuru, ikanikumbusha nilipe 1,040. Nikaandika kwa herufi kubwa. Ikauliza kama ningependa kuongezewa mkopo.

Pale stejini, kwenye nguzo ya stima, chini ya tangazo la mganga wa kurudisha wapenzi, kuna lingine: TOKA CRB LEO. Nilikuwa nimeshatoa simu mfukoni. Binti akanishika mkono. Kupinga kosa ni bure, baba. Na hata deni la haki ukishalilipa, rekodi ya kuchelewa hukaa miaka 5, hakuna mtu wa nguzo anayeweza kuifuta. Niliumia kidogo. Tangazo lilikuwa na rangi nzuri.

Basi tukaandikia shirika lenyewe. Wanataka kopi ya kitambulisho na ushahidi wa malipo. Taarifa ya M-Pesa huja imefungwa kwa kufuli. Nikaandika PIN yangu, ikakataa. Nikaandika mwaka wa kuzaliwa. Nikaandika jina la ng'ombe wa kwetu. Kumbe msimbo ulikuwa umetumwa kwa SMS, umelala chini ya meseji za umeshinda gari.

Ukishapinga, wanabandika kwenye ripoti maneno kwamba jambo hili linachunguzwa, wanamuuliza mkopeshaji. Siku 21 zikiisha uchunguzi haujakamilika, wanatakiwa kufuta ulichopinga. Mimi nikaanza kuwaombea uvivu. Wapi! Wakakamilisha. Pesa yangu ilikuwa imeketi kwenye akaunti ya pesa zisizojulikana ni za nani, kwa sababu nililipa kwa laini mpya. Msamaha sijaombwa. Roboti ndiyo iliyoandika: hongera kwa kumaliza deni lako.

Deni limetoka. Kitale bado.

Sasa sako wanasema niko sawa, ila wanataka wadhamini watatu, na kila mmoja aje na ripoti yake ya CRB. Mama wa sukuma wiki amekataa kabla sijafungua mdomo. Kwa hivyo, jirani, omba yako wiki hii, ni bure, uisome mpaka mwisho, kisha uniletee pamoja na kopi ya kitambulisho. Tangi ni la lita 1,000. Mvua ikinyesha, ndoo mbili ni zako.