Siku Tatu Luxembourg: Mwongozo kwa Msafiri Mwenye Pupa

Wewe uliyepanga kunywa chai Brussels, kula mchana Luxembourg na kulala Paris, keti hapa tusemezane. Luxembourg ina kilomita za mraba 2,586 tu, na kwa udogo huo wasafiri huipa saa mbili: picha moja darajani, hao, wameondoka. Ukitaka kusema umefika, fuata haya.

Visa ya Schengen kwanza. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na mwisho ni siku 15 kabla yake. Bima ya matibabu iwe ya euro 30,000 au zaidi. Anayeanza kuhangaikia taarifa ya benki dakika za mwisho asimlaumu balozi.

Achana na gari la kukodi. Tangu 2020 mabasi, treni na tramu ni bure nchi nzima, mwenyeji na mgeni sawasawa. Anayelipa ni yule anayetaka daraja la kwanza kwenye treni. Kajivunie kwingine.

Lugha rasmi ni tatu. Bungeni hujadiliana kwa Kiluxembourg, sheria huandikwa kwa Kifaransa, na magazetini Kijerumani kimetamalaki kwa miaka mingi. Kireno nacho utakisikia, maana Wareno ndio wageni wengi kuliko wote. Basi usiingie dukani ukimwaga Kiingereza kabla hujasalimu. Sema "Moien", iwe asubuhi au jioni, kisha uliza lugha gani itawafaa nyote wawili. Ndugu zetu wa Bujumbura na Lubumbashi, hapa Kifaransa chenu kitawabeba.

Chakula kinachosifiwa sana, Judd mat Gaardebounen, ni shingo ya nguruwe iliyokaushwa kwa moshi, pamoja na maharagwe. Usiyekula nguruwe, uliza kabla ya kuagiza. Kimbilia Gromperekichelcher: viazi vilivyokunwa, vikachanganywa na kitunguu, mayai na unga kidogo, vikakaangwa mpaka kingo zikauke na kulia mdomoni. Vile vikiwa vya moto.

Ratiba ni hii. Siku ya kwanza, mji mkongwe na mahandaki ya Bock yaliyochimbwa ndani ya mwamba. UNESCO iliuweka mji huo kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1994. Siku ya pili, panda treni hadi ngome ya Clervaux ukaone maonyesho ya picha ya The Family of Man, yaliyoandaliwa na Edward Steichen, mzaliwa wa nchi hii. Hakikisha kwanza kwamba pamefunguliwa. Siku ya tatu, nenda Schengen, kijiji cha mizabibu kando ya mto Moselle, ambako mkataba wa Schengen ulitiwa saini tarehe 14 Juni 1985 ndani ya meli. Aliyesota kuipata visa yenye jina hilo anastahili kukiona.

Siku zikiwa chache, punguza vituo. Salamu usipunguze.