Jumba lina historia

Mthamini wa majumba ya kale huko mashambani Uingereza ana kazi yake: ataje bei bila kumuudhi mwenye nyumba. Ukuta unavuja jasho kama mpishi wa pilau, yeye anaandika "una historia". Dirisha lilizibwa kwa matofali kukwepa kodi ya madirisha, iliyofutwa mwaka 1851. Eti hilo nalo linapandisha thamani. Darini wamo popo, na sheria haimruhusu mtu kuwafukuza. (Mpangaji angetamani kinga hiyo.) Mnunuzi akishamwaga mapauni yake, aende halmashauri kubembeleza kibali cha kubadili madirisha, maana jumba limeorodheshwa kuwa urithi, na kulichokonoa bila ruhusa ni jinai. Bei iliyotajwa ni kiingilio tu. Paa linatozwa mbali.