Mwongozo wa Safari kwa Atomu ya Seleni Iliyokwama Bwawani

Wewe atomu ya seleni uliyezama kwenye tope la bwawa la Kesterson, California, ondoka. Mwongozo huu ni wako, na ninakusihi uufuate, kwa sababu ukikaa hapo unaua. Ulitoka kwenye miamba ya milima ya pwani, maji ya umwagiliaji ya Bonde la San Joaquin yakakukokota mferejini, ukaishia bwawani. Humo ukaingia kwenye mwani, kisha wadudu, kisha kukuziwa na bata. Mwaka 1983 watafiti walikuta makinda wamefia ndani ya mayai, wengine hawana macho, wengine miguu imepinda. Ndege wale walifuata maji tu.

Usingoje jua likupaishe. Ukiwa seleneti, yaani umeungana na oksijeni, maji yatakauka na wewe utabaki kwenye chumvi. Tafuta bakteria, au kuvu kama Alternaria alternata, wakutoe oksijeni na kukuvisha vikundi viwili vya methili. Sasa wewe ni dimethili selenidi, gesi, na njia iko wazi. Kazi hii hushamiri penye joto, unyevu na chakula cha kutosha. Kwa hiyo mtu akitifua udongo na kuutilia maji na protini, kaa karibu naye. Haradali nayo itakunyonya kwa mizizi na kukutoa hewani. Utanuka kama kitunguu saumu. Nuka tu! Kwa panya, sumu yako katika umbo hili ni hafifu mara mamia kuliko ulipokuwa seleneti, na hiyo ndiyo habari njema kuliko zote humu.

Angani usipange makazi. Baada ya saa chache ozoni na haidroksili zitakuvunja, utashika vumbi, na mvua itakushusha. Ukiweza kuchagua, shukia kwenye udongo uliokosa seleni. Huko Keshan, China, ukosefu wako ulihusishwa na ugonjwa wa moyo uliopewa jina la wilaya hiyo, na Ufini imekuwa ikikutia kwenye mbolea tangu miaka ya 1980. Huko utapokewa kama dawa. Epuka bonde lisilo na mkondo wa kutokea, maana utarundikana tena na mayai yataharibika tena. Ukiangukia baharini, tafuta mwani mdogo unaoelea juu: nao hukugeuza gesi, na safari inaendelea.