Kichwa Changu, Kikao cha Mtaa Mzima

Mtumishi wa umma akifikisha miaka 60 anastaafu, apende asipende. Hapa Mjimwema, Manispaa ya Songea, mwalimu anayestaafu hukuta mambo yanamsubiri: kiinua mgongo kiende wapi, shamba la mahindi alilime mwenyewe au alikodishe, na kama ni mwanamke aliyepaka piko karibu miaka yote ya utumishi, kichwa akifanyeje. Kuhusu kiinua mgongo, watu walininong'oneza. Kuhusu shamba, walinishauri nilipowauliza. Kuhusu kichwa, hakuna aliyesubiri kuulizwa.

Baba watoto ndiye aliyefungua kikao. Kwake upara ulimaliza ubishi mapema. Hana cha kupaka wala cha kuacha. "Mungu kakupa nywele, wewe unalalamikia rangi," akasema. "Mimi ningepewa hata za kijani ningeshukuru." Msusi wangu akaja na hoja ya biashara aliyoivika huruma. "Mwalimu, ukiacha piko utaonekana bibi." Nikamwambia mimi ni bibi, wajukuu ninao. "Ndiyo, Mwalimu, lakini kwa nini watu wajue?"

Jirani yangu Mhehe naye hakukubali kupitwa. Wangoni na Wahehe walipigana vikali karne ya 19, na urithi tuliobaki nao ni utani usio na likizo. "Mngoni, unaficha mvi ili iweje?" akaniuliza akiwa juu ya ukuta, bila hata hodi. "Tuliwakimbiza mkiwa vijana. Mkizeeka ndiyo mtatushinda?" Nikamjibu kwamba nitampelekea jibu siku ya msiba wake, maana huko mtani ana ruhusa ya kusema lolote.

Mzee mmoja wa msikitini, mwenye ndevu zilizokolea hina, ndiye aliyezungumza kwa utulivu. Alinisimulia habari za Abu Quhafa, baba yake Abu Bakr, aliyeletwa mbele ya Mtume siku za kufunguliwa Makka, kichwa na ndevu zikiwa nyeupe kabisa. Mtume akaagiza weupe ule ubadilishwe, lakini weusi uepukwe. Ndiyo maana yeye anapaka hina, akasema, na piko haigusi. Mimi Mkatoliki nikakumbuka kwamba kitabu cha Mithali nacho kinazisifu mvi. Nikaona dini zote mbili haziko upande wa pakiti yangu.

Sayansi yenyewe haikuwa upande wangu pia. Kila unywele unaota kwenye kishimo chake, na humo mna seli zinazotengeneza rangi iitwayo melanini. Seli hizo zikichoka au zikiisha, unywele unaota mweupe. Ukishatoka nje, umeshaamua. Piko inapaka kilichokwisha kuota. Kinachoota kesho hakina habari nayo. Nywele hurefuka kama sentimita moja na robo kwa mwezi, kwa hiyo kabla mwezi haujaisha, mstari mweupe unakuwa umeshajitokeza pale unapochania njia, na kila mrefu kuliko wewe anausoma.

Rangi za kisasa za nywele zina historia ambayo mwalimu wa Songea hawezi kuisoma bila kujikuna. Mwaka 1907 mkemia Mfaransa, Eugène Schueller, alitengeneza rangi yake jijini Paris akawauzia wasusi. Miaka miwili baadaye akaanzisha kampuni inayojulikana leo kwa jina la L'Oréal. Mwaka huohuo wa 1907, huku kwetu vita ya Majimaji ilikuwa inazimika. Nimewapeleka wanafunzi kwenye Makumbusho ya Majimaji hapa mjini mara nyingi, nikiwaeleza jinsi Kinjekitile Ngwale alivyowaaminisha watu kwamba maji ya dawa yatazuia risasi za Mjerumani, na jinsi wazee wetu walivyonyongwa hapa Songea Februari 27, 1906. Siku moja mtoto akauliza: "Mwalimu, watu wazima waliwezaje kuamini maji?" Nikamjibu kwa ukali kwamba wale walikuwa wanapigania nchi yao. Sikumwambia kwamba nyumbani nina sahani ya maji meusi ya kuzuia miaka, na hakuna nchi ninayoipigania.

Kwa wasiojua, piko ya unga inataka maandalizi: sahani isiyoliwa tena, mswaki uliostaafu, kanga ambayo haitatoka tena nje, na mfuko wa nailoni wa kufunika kichwa ili dawa ishike. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 1, 2019, mfuko huo umekuwa mali ya siri. Mimi nilibaki na rambo moja niliyoilaza chini ya godoro, maana faini ya kukutwa nayo inaanzia shilingi 30,000, wakati piko yenyewe nilikuwa naipata kwa buku.

Basi ilikuwa mwezi wa saba, baridi ya Songea imekaza, milima ya Matogoro haionekani kwa ukungu. Nimeshapaka, nimeshavaa rambo, nasubiri muda ufike nisuuze niwahi sendofu ya binti wa shoga yangu. Nikafungua bomba. Likakohoa, likanyamaza. Nikakimbilia ndoo, zote tupu, kwa sababu asubuhi nilizimaliza kufua foronya zilizochafuliwa na piko ya mwezi uliopita. Hapo ndipo niliposikia hodi.

Alikuwa mkwe wangu, mume wa binti yangu, na baba yake mzazi. Walikuwa wametoka Mbamba Bay, wakaona si vizuri kupita Songea bila kutuachia usipa. Mama mkwe hamtokei mkwewe kichwa wazi. Hamtokei na rambo pia. Nikanyakua taulo lililokuwa karibu, nikajifunga, nikatoka kwa tabasamu. Taulo lilikuwa jeupe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibuni sana. Poleni na safari."

Mgeni wa namna hiyo hapewi kiti akaachwa hivihivi. Nikaleta ugali na kisamvu cha karanga, halafu nikakumbuka kwamba wageni hunawa. Maji pekee ndani ya nyumba yalikuwa ya chai, kwenye chupa. Nikapiga magoti mbele ya yule mzee, nikammiminia mikononi maji ya moto yenye tangawizi. Mzee alinawa kwa heshima, hakuuliza, nadhani alichukulia ni mila ya upande wetu. Nilipoinama kumpa kitambaa, piko ikaamua kushuka. Ilianzia kwenye sikio, ikapita shavuni, ikatua kwenye mkeka.

"Mkwe," mzee akasema taratibu, "unaumwa?"

"Hapana, mkwe. Joto tu."

Nilisema hivyo mwezi wa saba, mjini Songea, mbele ya mtu aliyevaa koti na kofia ya sufu. Akanitazama, akamtazama mwanawe, wakala ugali wao kimya. Waliondoka baada ya kula, na maji yakarudi wakiwa bado hawajafika barabarani. Sendofu nilikwenda na kilemba kilichoshuka hadi kwenye nyusi, kikificha paji la uso lenye weusi ambao ndimu na sabuni vilishindwa kuutoa. Mshereheshaji alinisifu kwa kuvaa kiheshima.

Usiku wa siku ile kichwa kilianza kuwasha, na asubuhi jicho moja lilikataa kufunguka. Daktari hakucheka. Alinieleza kwamba weusi wa piko unatokana na kemikali ambayo wataalamu huiita kwa kifupi PPD, na kwamba inaweza kuleta mzio: muwasho, malengelenge, uso kuvimba, na ikizidi hata kupumua kunakuwa shida. Nikamwambia nimeitumia miaka mingi bila tatizo. Akasema mwili una haki ya kukataa kitu wakati wowote, hata ulichokizoea. Baba watoto, aliyekuwa amekaa pembeni, akaguna kwa namna ambayo sikuipenda.

Usidhani baada ya hapo niliacha. Kuacha si rahisi, na sababu haiko kwenye nywele. Mwanamume akiota mvi anapewa uenyekiti wa kamati. Mwanamke akiota mvi anapewa wajukuu wa kulea. Akishazeeka zaidi, mambo yanaweza kuwa mabaya kuliko hapo: katika Kanda ya Ziwa vikongwe wameuawa kwa kushukiwa uchawi, ushahidi ukiwa macho mekundu yaliyotokana na moshi wa jikoni. Kwa hiyo mwanamke anayeogopa kuonekana mzee msimcheke sana. Ana mahesabu yake.

Ila mahesabu yangu yaligeuzwa na mambo madogo. Siku moja nilipanda daladala kutoka mjini. Konda akaniambia, "Dada, sogea nyuma, simama vizuri," nikafurahi kuitwa dada. Kituo kilichofuata akapanda mwanamume mwenye kichwa cheupe. Konda akamwinua kijana: "Mpishe mzee akae." Mzee akakaa, akaniangalia, akashtuka. "Shikamoo, Mwalimu!" Nilimfundisha darasa la nne. Alijaribu kuinuka anipishe, abiria wakamzuia: "Kaa, mzee, huyo dada bado ana nguvu."

Kisha likaja suala la dirisha. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa mtu wa miaka 60 na kuendelea, na kwenye vituo vya afya utakuta tangazo kwamba wazee wapewe kipaumbele. Nilikuwa nimeyasubiri matunda hayo kwa hamu. Nikaenda kituo kimoja, nikasimama kwenye dirisha la wazee, kichwa changu cheusi tii. Kijana wa mapokezi akaniambia kwa upole, "Mama, hapa ni pa wazee." Nikatoa kitambulisho cha Taifa. Akakisoma, akaniangalia, akakisoma tena. "Mama, umekuja na kitambulisho cha bibi?"

Nyumbani nikachukua daftari, nikagawa ukurasa katikati. Upande wa piko niliandika: picha za harusi, kuitwa dada, msusi asikose wateja. Upande wa mvi niliandika: jicho, foronya, mkwe wa Mbamba Bay, kiti cha daladala, dirisha. Nilipotoa pochi kuhesabu nilichokuwa nikitumia, nikakutana na noti ya shilingi elfu moja yenye picha ya Mwalimu Nyerere na mvi zake. Miaka yote hiyo nilikuwa namkabidhi muuza duka picha ya mzee mwenye mvi, ili anipe dawa ya kuficha zangu.

Nikaenda kwa kinyozi akaninyoa kipara, nywele ziote upya zikiwa na rangi moja badala ya mbili. Zilipoanza kuchipua, mjukuu wangu alinizunguka, akanipangusa kichwa kwa kiganja, akakiangalia kiganja. "Bibi, mbona hazitoki? Hukutoka mashine ya kusaga?"

Kwa hiyo uamuzi ni huu: nimeacha. Sikuacha kwa kuamini kwamba mvi ni hekima. Nina jamaa wenye mvi tele ambao siwezi kuwakabidhi hata ufunguo wa stoo. Nimeacha kwa kuwa nilichoka kulipia ujana unaoninyima kiti. Wewe unayeendelea, endelea, kichwa ni chako. Ila jipake piko kidogo nyuma ya sikio kwanza, usubiri saa 48 uone mwili unasemaje. Na kabla hujakoroga chochote, jaza ndoo.