Ukitaka Kuugua Kiuu, Ugua kwa Mpango

Karibu Kiuu, mgeni. Umeshuka Githurai 45, umeruka mtaro, na sasa unakohoa. Pole. Ila usikimbilie kemisti. Vile vidonge vya kufungiwa kwenye karatasi huenda vikakuponya, lakini aliyepona kwa kemisti hakuugua: hayumo popote. Nenda zahanati, keti kwenye benchi, uandikwe rejista. Kutoka hapo utaingia fomu ya MOH 705, ya A kama hujafika miaka 5, ya B kama umepita, na utakuwa namba halali.

Njia nyingine ni kumngoja nyumbani mhudumu wa afya ya jamii, mwenye begi la tangu 2023 lenye kipima presha na kipima sukari. Tatizo, akibisha hodi mchana wewe uko tao kazini. Humkuta mke wa keateka, ambaye presha yake sasa inajulikana ploti nzima.

Chagua pia ugonjwa wenye uzito. Hili si neno langu. Christopher Murray na Alan Lopez walipobuni hesabu ya mzigo wa magonjwa iliyotumiwa na Benki ya Dunia mwaka 1993, kila ugonjwa ulipewa uzito: 0 ni afya kamili, 1 ni kifo. Uzito huo huzidishwa kwa miaka unayoteseka, kisha hujumlishwa na miaka unayopunjwa ukifa mapema. Kipimo cha kutopunjwa? Kilikuwa miaka 82.5 kwa mwanamke, kwa mfano wa Japani, na 80 kwa mwanamume. Mwaka wa kijana wa miaka 25 ulihesabiwa kuwa na thamani zaidi kuliko wa mtoto mchanga au wa nyanya yake. Toleo la 2010 la hesabu hiyo ndilo lililoufuta upendeleo huo, kwa hiyo ajuza naye sasa augue kwa raha zake.

Maumivu ya mgongo yana uzito wake humo, tena si haba. Lakini muulize mama anayeinua kreti za nyanya alfajiri pale sokoni kama aliwahi kuupeleka mgongo wake zahanati. Atakuuliza nani atabaki na meza.

Ukizidiwa, jitahidi ufie hospitali, daktari aandike chanzo kwenye fomu D1. Ukifia nyumbani, naibu wa chifu atajaza D2 kwa maneno ya majirani, na majirani watasema "kifua". Tangazo la redioni litasema umefariki baada ya kuugua kwa muda mfupi, ingawa wa ukuta wa pili hawajalala tangu Januari.