Sifa za Kisanduku Kisichojua Kupinda

Karafuu imeshasifiwa ikatosha, na milango ya Mji Mkongwe haina haja ya wakili: tangu UNESCO iutie mji huu katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, hakuna mgeni anayeondoka bila kuipiga picha. Leo nasimama kumtetea asiyepigwa picha. Nakusudia kile kisanduku cha kukatia pembe: mbao tatu zilizogongwa pamoja, moja chini na mbili ubavuni, juu wazi, mbele na nyuma wazi, na ubavuni nyufa za kupitishia msumeno. Fundi hulaza humo ukanda wa kuzungushia mlango, ubao wa chini ya ukuta au fremu ya picha ya harusi, akakata.

Sifa yake ya kwanza ni ukaidi. Ni kadhi mwenye hukumu tatu tu: digrii 45 kulia, 45 kushoto, na moja kwa moja. Mpelekee kesi ya 47, atakusikiliza kwa adabu zote, kisha atakupa 45. Msumeno wa umeme hugeuka kokote unakoambiwa, na wa tabia hiyo tunao wengi mjini, wengine hata si misumeno.

Na ukaidi huo umekuja kukaa wapi? Mji Mkongwe, ambako pembe mraba ni uvumi. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, nene kiasi cha mtu kuketi dirishani, zilizopigwa lipu kwa jicho na mkono, kisha zikanywa masika ya zaidi ya miaka mia. Upana wa vyumba uliamuliwa na urefu wa boriti za mikoko, nazo boriti hazikupita kwa guniya. Chukua mlango ulioegemea kidogo, kona yake moja ya juu ina digrii 94. Kata vipande viwili vya ukanda wa sentimita 7 upana, kila kimoja 45 safi, uvikutanishe pale juu. Patabaki pengo la milimita 7 hivi, mende apite na mizigo yake. Watu hukilaani kisanduku. Mimi nauliza: kati ya nyumba, fundi na kisanduku, nani hapo amesema kweli? Mwenye nyumba amezaliwa humo, amelea humo, wala hajapata kuambiwa kwamba mlango wake umelala. Fundi naye alijua akanyamaza. Ndiyo maana alikuja na gundi na kikopo cha vumbi la mbao.

Ukitaka kukifurahisha, kipeleke Michenzani, kwenye yale maghorofa marefu ya enzi za Mzee Karume, yaliyochorwa kwa rula na Wajerumani wa Mashariki. Huko 45 na 45 hukaribia kuwa 90 bila ugomvi. Ila ushindi wa namna hiyo una utamu gani?

Tena hakina tamaa. Umeme wetu hutoka bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari. Ulipokatika Disemba 2009, Unguja ilikaa gizani mpaka Machi 2010, na kila msumeno wa umeme usio na jenereta ukageuka pambo la karakana. Kisanduku hakikupata hata habari.

Kukichagua ni adabu ya peke yake. Nenda Darajani au Mwanakwerekwe na kipande cha ukanda wako mkononi, ukilaze ndani. Kikipita kimo cha ubavu, rudisha kisanduku rafuni. Tazama nyufa. Msumeno upite bila kucheza, kwa sababu ufa mpana hutoa 45 leo na 43 kesho. Msumeno wenyewe uwe mfupi, wa meno madogo, wenye utepe wa chuma mgongoni usiyumbe. Cha plastiki hakivimbi kwa unyevu, lakini meno hukitafuna upesi. Mimi nipe cha mbao ngumu. Au jichongee, bwana. Pima upana wa nje wa kisanduku, kipimo hichohicho ukihamishe kwenye urefu wake, upate mraba. Mstari wa kona hadi kona ndiyo 45 yako, na hukumlipa mtu. Chini ya kazi weka kila mara kibao cha kutupa, msumeno usile sakafu yake.

Ukijali usijali, kila mkato hupanua ufa kidogo. Hakuna mtumishi mwingine anayekatwa kila afanyapo kazi akabaki kimya. Mwisho nyufa hulegea, hukumu huchanganyika, nacho hutupwa uani, ambako hakifai hata kumwekea kuku maji: yatavuja yote, kwa digrii 45.