Kima na Bidoni za Kijani

Hapo kale, katika bonde la mto Mutambala, si mbali na Baraka, wanyama walilima mahindi, muhogo na karanga. Kila msimu walivuna, wakachoma mabua, wakapanda tena palepale bila kuurudishia udongo chochote. Mwaka mmoja mahindi yakatoka ya manjano, yakaishia magotini.

Siku ya soko Kima akashuka mtumbwini akitokea Ubwari, na bidoni za maji ya kijani. "Hii ni damu ya mlonge!" akatangaza. "Ukinyunyiza hii, samadi ya nini tena? Samadi ni kazi ya maskini."

Chifu Nguruwe akanunua bidoni kumi papo hapo, kisha akaamuru samadi yote ya kijiji imwagwe ziwani. Waliouliza waliambiwa wanapinga maendeleo.

Papa Fuko, ambaye macho yake hayaoni lakini huishi kati ya mizizi, akatoa kichwa. "Mheshimiwa Chifu, mlonge una nguvu kweli. Unaamsha mmea, mizizi inatanuka, jani linachelewa kuzeeka. Lakini mimi nalala huko chini, na chini hakuna kitu. Ukimpigia mgeni kengele ya chakula na sufuria ni tupu, atakula kengele?"

Soko zima likamcheka, isipokuwa Mama Kobe. Yeye aliligawa shamba lake vipande vinne. Viwili akavifukia samadi aliyokuwa ameificha, pamoja na majani ya alizeti pori yaliyokatwakatwa. Viwili akaviacha vitupu. Mahindi yalipofikisha wiki mbili, akachuma majani machanga ya mlonge alfajiri, akayatwanga kwa maji kidogo, akakamua kwa kitambaa. Kikombe kimoja cha maji yale akakichanganya na vikombe thelathini vya maji safi, akanyunyiza asubuhi ileile kabla hayajachacha: kipande kimoja chenye samadi, kimoja kitupu. Kabla ya mbelewele kutoka, akarudia.

Wakati wa mavuno kijiji kikaja kuona. Kipande kitupu kilitoa vigunzi. Kitupu kilichonyunyizwa kilikuwa na majani mabichi zaidi, lakini magunzi yalikuwa yaleyale. Chenye samadi kilijaa punje. Chenye samadi na mlonge ndicho kilichowashinda wabebaji.

Shamba la Chifu lilitoa vigunzi. Akaagiza samadi irudishwe haraka. Mawimbi yalikuwa yameshaichukua, na Kima alikuwa ameshavuka ziwa.

Ndugu msomaji, majani ya mlonge yana zeatini, kichocheo kilichopatikana kwanza katika punje changa za mahindi mwaka 1963. Huamsha mmea, hakiulishi. Hata sheria ya mbolea ya Umoja wa Ulaya ya 2019 inasema kichocheo si chakula cha mmea, bali huusaidia kukitumia chakula chake vizuri. Na chakula hicho Kivu tunacho: alizeti pori imejaa kando ya barabara zetu, na majani yake yana naitrojeni na potasiamu nyingi. Wakulima wa magharibi mwa Kenya walikuwa wakiyafukia mashambani tangu miaka ya 1990.

Tulishe udongo kwanza, ndipo tunyunyize. Na muuzaji akikuambia bidoni yake inatosha peke yake, mwambie anyunyize mstari mmoja shambani mwako, nawe umlipe baada ya mavuno.